Mshipa Umezibuliwa, Mbona Pumzi Haitoshi?

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nianze na kipimo kisichohitaji mashine. Tunaweka alama mbili kwenye korido, mita 30 kati yake, halafu tunamwambia mgonjwa aende na kurudi kwa dakika 6 kwa mwendo anaouweza. Akichoka apumzike, akipata nafuu aendelee. Mwisho tunahesabu mita. Nimesimama kwenye korido hizo miaka mingi, saa mkononi, na kuna mgonjwa wa aina moja anayenirudia. Alipata mshtuko wa moyo, mshipa ukazibuliwa vizuri, picha inaonyesha moyo unasukuma damu ipasavyo. Lakini dakika ya 3 ameshika ukuta.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilikuwa naulaumu moyo tu, au naulaumu uvivu. Kuna mzee mmoja nilimhimiza kwa wiki kadhaa: "Jitahidi mzee wangu, moyo wako uko sawa." Naye alikuwa mtu wa adabu, akajitahidi, akawa anarudi nyumbani hoi. Siku moja namfunga kifaa cha presha, nikaona kiganja chake kimepauka, hata mistari ya mkononi haina wekundu. Tukapima damu, himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ikawa 8, chini sana. Figo zake zilikuwa zimedhoofika muda mrefu na hakuna aliyeziuliza hali. Mimi sikuziuliza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Figo zote mbili zina uzito wa kama gramu 300 tu. Lakini mtu akiwa ametulia, karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita humo, yaani kama lita 1 kila dakika. Ndiyo maana moyo ukitetereka, figo hupata habari siku ileile. Presha ikishuka zinakosa damu. Moyo ukielemewa, damu hujazana kwenye vena na kuzibana kwa nyuma. Ongezeni dawa ya rangi inayoingizwa wakati wa kupiga picha ya mishipa, ambayo kwa baadhi ya watu huzijeruhi kwa siku kadhaa. Na wengi walikwisha kuwa na kisukari au presha ya kupanda kabla ya hapo. Maradhi yaliyoharibu mishipa ya moyo hayakuziacha figo.

Mwaka 2004 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 14,000 waliopata mshtuko wa moyo ukawaacha na moyo dhaifu. Kasi ya uchujaji wa figo, yaani mililita za damu zinazochujwa kwa dakika, ilipokuwa chini ya 81, kila ilivyopungua kwa 10, hatari ya kufa au kupata tukio jingine la moyo na mishipa iliongezeka kwa asilimia 10. Itazameni hiyo 81. Wengi wetu tukiiona kwenye karatasi ya maabara tunageuza ukurasa.

Sasa figo zinamnyimaje mtu pumzi? Figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Zikichoka, amri inapungua, damu inakuwa hafifu, na misuli ya miguu inaomba oksijeni isiyofika hata kama moyo unasukuma kwa bidii. Ndilo lililomkuta mzee wangu. Halafu chumvi na maji hubaki mwilini, mapafu yakawa mazito. Na taka na asidi zisizotoka huila misuli taratibu, mpaka suruali inapwaya mapajani.

Hapo kwenye misuli kuna mtego ambao nataka mwondoke nao leo. Kreatinini tunayopimia figo ni taka inayotoka kwenye misuli, na ikizidi kwenye damu tunasema figo haziitoi vizuri. Mtu aliyelala wiki nyingi, mapaja yamenywea, anatoa kreatinini kidogo, na karatasi inasema figo nzima kumbe zimedhoofika. Kisha kuna kinyume chake, nacho kinanisikitisha zaidi. Mgonjwa amefanya mazoezi miezi 3, misuli imerudi, kreatinini imepanda kidogo, mtu anamwambia: "Acha, mazoezi yanakuua figo." Kabla ya kumkatisha, pimeni protini kwenye mkojo, ulizeni dawa gani imebadilishwa, na pale inapopatikana pimeni sistatini C, kipimo kingine cha figo kwenye damu, ambacho hakitegemei sana misuli.

Maana kulala kuna gharama kubwa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya walikubali kulazwa kitandani wiki 3. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana zile wiki 3 ziliwaangusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana wazima. Mtu mwenye moyo uliojeruhiwa na figo zilizochoka ana akiba gani ya kupoteza?

Kwa hiyo atembee, ila kwa kipimo chake. Mazoezi makali hupeleka damu kwenye misuli na kuzipunguzia figo, basi tunaanza pole. Mwendo mzuri ni ule anaoweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Msitegemee mapigo ya moyo peke yake, kwa sababu wengi wanatumia dawa zinazoyazuia kupanda. Mapaja yajengwe kwa kuinuka kitini na kuketi tena, mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, akiweza. Kila asubuhi apime uzito. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, huo si unene, ni maji, atoe taarifa. Siku ya kuhara au kutapika hakuna mazoezi, na amuulize daktari kuhusu dawa za kupunguza maji na za presha kabla ya kuzimeza.

La mwisho, na hili naomba mniwie radhi nikilisema kwa ukali. Mtu akianza mazoezi, magoti na mapaja yatamuuma. Atakwenda dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzibana figo na huongeza hatari ya mshtuko mwingine wa moyo, na yeye hatakutajia, kwa sababu kwake dawa ya maumivu si dawa ya kuhesabiwa. Muulize kwa jina la kidonge. Mwombe akuonyeshe mfuko anaotembea nao. Mimi siku hizi naufungua mfuko huo kwanza, ndipo tunakwenda kwenye korido.