Kabureta Huja Mwisho: Kuitunza Datsun 240Z Nyumbani

Mabibi na mabwana, wengi wenu mliokulia Afrika Mashariki hamhitaji kuelezwa Datsun 240Z ni gari gani, kwa kuwa ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyemaliza akiwa amelingana pointi na dereva wa Datsun nyingine, hata ikabidi mshindi atafutwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Leo, hata hivyo, sizungumzii mbio. Nazungumzia gari hilohilo likiwa limeegeshwa uani, na mwenyewe amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, bisibisi mkononi.

Bisibisi hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Injini ya 240Z ina silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili ubavuni, zinazochanganya petroli na hewa. Na kwa sababu kabureta hizo zinaonekana upesi na ni rahisi kuzichezea, kila injini inapomisi mkono wa mtu hukimbilia huko. Nilipoteza Jumamosi mbili nzima kwa mchezo huo, nikiongeza petroli na kuipunguza, kumbe kosa lilikuwa ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Tangu siku ile nafuata mpangilio mmoja tu: valvu kwanza, kisha moto wa plagi, na kabureta mwisho kabisa.

Valvu ziko 12, mbili kwa kila silinda, na nafasi zake hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa: milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.25 kwa ile ya kutolea moshi. Toa plagi zote ili injini izunguke bila kukukaidi, hakikisha gia iko huru, kisha izungushe kwa spana kutoka mbele hadi nundu ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, itazame upande usiogusa roka, mkono unaoisukuma valvu. Hapo ndipo unapopitisha fila, kile kibamba chembamba cha kupimia, kati ya kamshafti na roka. Ikipita bila kugusa, nafasi imezidi, ikigoma, imebana. Inayotakiwa ni ile inayopita kwa kukwaruza kidogo, kama noti unayoivuta katikati ya vidole vya mtu asiyetaka kabisa kuiachia lakini anaona aibu kuing'ang'ania. Ukishaipata, kaza nati ya kufungia, halafu pima tena, maana nati hiyo ikikazwa huwa na tabia ya kusogeza kipimo chote. Mara ya kwanza kazi hii ilinichukua asubuhi nzima.

Wengine huniuliza kwa nini waguse valvu ambazo hazipigi kelele. Valvu iliyolegea hugonga na utaisikia; iliyobana hunyamaza, haifungi sawasawa, haipati nafasi ya kupoza joto lake pale inapokaa, na mwishowe huungua. Kwa hiyo mimi ukimya wa ghafla kwenye injini ya zamani hunitisha kuliko kelele.

Tukija kwenye moto, fungua kifuniko cha distribyuta utazame platini, vile vinundu viwili vinavyogusana na kuachana. Nafasi yake iwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Kisigino cha platini kinachosuguana na mhimili wa distribyuta hulika polepole, nafasi inapungua, na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, inachelewa bila mtu kugusa chochote. Gari linakuwa zito mlimani na mwenye gari anailaumu kabureta. Hili ndilo lililonipata mimi. Ifute fila yako kabla ya kuipitisha hapo, kwa sababu tone la oili likibaki kwenye platini huungua na kuacha uchafu. Waya za plagi ziwekee alama kabla ya kuzichomoa. Mfuatano wa moto, kwa namba za silinda, ni 1-5-3-6-2-4, na hakuna aliyewahi kuukumbuka vizuri giza likishaingia.

Hapo tu ndipo nawaruhusu kuzigusa kabureta, na hata hapo kwa masikio kwanza. Inua pistoni iliyo ndani ya kila kabureta kwa kidole na uiachie: ishuke yenyewe hadi chini, na usikie mlio mdogo wa chuma kikigonga chuma. Ongeza oili nyepesi kwenye kifuko cha juu ikiwa imepungua. Kisha washa injini, chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma, na usawazishe hadi mvumo wa hewa ulingane. Mipira ya petroli iliyopasuka ibadilishwe siku hiyohiyo, na asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Gari langu liko hapo uani tangu jana jioni, kifuniko cha valvu nimeshakitoa, na injini imepoa. Maswali nitayajibu hukohuko, fila ikiwa mikononi mwenu.