Mpango wa Kuzamia Huanzia Mwisho: Mwamba wa Kisiwa Katika Maji ya Baridi

Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya vijana wanaojifunza kuongoza wazamiaji

Wazee wetu, shikamooni. Vijana wangu, nawasalimu.

Nimeombwa nieleze jinsi mzamo unavyopangwa katika mwamba wa kisiwa kilicho kwenye bahari ya baridi, nami nimeupokea mwito huo kwa furaha, kwa sababu baadhi yenu mtaajiriwa mbali na pwani hii, na hata mtakaobaki Msimbati mtapokea wageni waliojifunza kazi hii katika maji ya namna hiyo. Mfano wangu utakuwa visiwa vya Poor Knights, nchini Nyuzilandi, ambavyo viko baharini umbali wa zaidi ya kilomita 20 kutoka bandari ndogo ya Tutukaka. Bahari inayovizunguka ilianza kuhifadhiwa mwaka 1981, na tangu 1998 hairuhusiwi kuvua chochote humo. Majabali yake ya volkano yanashuka wima chini ya maji, yamevikwa mwani mkubwa wa kahawia unaoyumba na wimbi, na ndani yake mna mapango na matao ambamo wakati wa kiangazi samaki aina ya taa hukusanyika kwa makundi, wakielea mmoja juu ya mwenzake. Mkondo unaoshuka kutoka kaskazini huleta huko hata mayai na vifaranga vya samaki wa bahari ya joto, kwa hiyo Mmakonde au Mmwera aliyezoea pwani yetu atakuta sura asizozitarajia kwenye maji ya baridi kiasi hicho.

Maji hayo hufikia nyuzi 22 au 23 za Selsiasi mwezi Februari na Machi, kisha hushuka hadi 15 hivi mwezi Agosti na Septemba. Yetu hapa, hata kusi ikivuma, hubaki karibu na nyuzi 25. Tofauti hiyo ya nyuzi 10 ndiyo inayobadili kila hesabu katika mpango, na kwa kuwa maji hunyang'anya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa, kosa dogo la hesabu halichelewi kuonekana.

Sasa, wengi hupanga mzamo kwa kuanzia pale wanaporuka kutoka chomboni: tutashuka wapi, tutaona nini, tutafika kina gani. Mimi nawaombeni mwanze na dakika ya mwisho, pale ambapo watu wawili wako mita 20 chini, mmoja wao hana hewa kabisa, na wote wanatakiwa kupanda kwa mtungi mmoja. Tufanye hesabu hiyo pamoja. Mtu aliyeshtuka anaweza kuvuta lita 30 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji, kwa hiyo wawili ni lita 60. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo mita 20 chini lita hizo huzidishwa mara 3. Dakika moja ya kutulizana na kushika kifaa cha kupumulia itakula lita 180. Kupanda kwa mwendo usiozidi mita 10 kwa dakika ni dakika 2, kwa wastani wa mara 2, yaani lita 240. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka taratibu, ni lita 270, kwa kuwa hapo huzidishwa mara 1.5. Jumla ni lita 690. Gawa kwa 12: katika mtungi wa lita 12 hiyo ni karibu bar 60 kwenye geji, kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa mtungini, na hewa hiyo si yenu ya kutembelea; ni ya mwenzako, nawe umembebea tu.

Mtungi uliojaa hadi 200 una lita 2,400. Ondoa akiba hiyo ya 60 kwenye geji, yaani lita 720, zinabaki lita 1,680. Mzamiaji mtulivu wa Msimbati anayetumia lita 15 kwa dakika juu ya maji atatumia 45 kwenye mita 20, na atakaa dakika 37. Mtu huyohuyo akitetemeka kwa baridi anaweza kufikia lita 20, na muda wake utashuka hadi dakika 28. Nilijifunza jambo hili kwa mwili wangu mwenyewe. Katika mzamo wangu wa kwanza wa maji ya baridi nilitumia hesabu ya nyumbani, na nilipoitazama geji chini ya tao la jabali ilisoma 70 wakati nilikuwa na hakika ya 110. Tulipanda salama kwa kuwa mwenzangu alikuwa na hewa ya kutosha, lakini sijaisahau ile sindano.

Kwa hiyo mahali pa kugeukia napo pajulikane mapema. Nusu ya lita zile 1,680 ni 70 kwenye geji. Toa 70 kwenye 200: geji ikisoma 130, mnageuka, hata kama taa wako mbele ya macho yenu. Ndani ya tao au pango, ambako huwezi kupanda moja kwa moja, mimi hugeuka kabla ya hapo.

Uzito wa madini ya risasi, unaofungwa kiunoni ili mzamiaji aweze kushuka, nao hupangwa kuanzia mwisho. Vazi la mpira la milimita 7 limejaa vipovu vya hewa, nalo huelea sana juu ya maji, lakini likifika chini husinyaa, na mzamiaji hushuka kwa kasi kuliko alivyodhani. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: vazi linavimba tena, na mtungi, ambao hewa yake ina uzito halisi, umepungua kama kilo 2. Asiyelikumbuka hilo atashindwa kutulia kwenye mita 5 na atapaa kama kopo tupu, wakati ule ule ambapo mwili unahitaji utulivu. Basi pimeni uzito wenu mkiwa na mtungi uliokaribia kwisha. Uliojaa utawadanganya.

Kuhusu maji kupwa na kujaa sitasema mengi, kwani nani atamfundisha mtoto wa Mikindani bamvua na maji mafu? Elimu hiyo mliyoipata kwa wazee wenu ndiyo wageni wanayoitafuta katika majedwali. Jueni tu kwamba katika matao ya kisiwa mkondo hubanwa kama maji kwenye mfereji, hivyo mnaingia maji yakiwa yametulia, na nahodha habanduki chomboni wakati watu wako chini.

Kwenye visiwa vya Poor Knights hairuhusiwi kupanda nchi kavu bila kibali, kwa hiyo mapumziko kati ya mzamo mmoja na mwingine ni juu ya chombo, kwenye upepo. Mwili uliopoa hutoa naitrojeni polepole. Wekeni katika mpango kofia, koti kavu na chai ya moto, na mzamo wa pili uwe mfupi na wa kina kidogo kuliko wa kwanza. Aliyezamia mara kadhaa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Kesho asubuhi maji yakijaa tutakutana hapa ufukweni. Kila mmoja atakaa dakika 10 kwenye mita 10, akiogelea polepole, na ataandika geji ilisoma ngapi kabla na ngapi baada. Aliyetumia 30 kwa mtungi wa lita 12 amevuta lita 360. Gawa kwa dakika 10, kisha kwa 2 ya mgandamizo, utapata 18. Namba hiyo mtaiandika kwa penseli kwenye kibao chenu cha kuzamia, na chini yake mtaacha nafasi ya namba ya pili, ile ya maji ya baridi.