Kafyu, Rungu na Foleni ya Feri Likoni

MWANAIDI: Asalaam aleikum, karibuni nyote mnaotusikiliza. Mimi ni Mwanaidi, niko na mwenzangu Kassim. Leo tunairudia kafyu ya korona, ile amri ya kutotoka nje usiku. Wengi wangependa isahaulike, lakini mimi naona tukiisahau tutaletewa ileile siku nyingine.

KASSIM: Waaleikum salaam, dada. Tuanzie pale mambo yalipoharibikia. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Kafyu ikaanza Ijumaa, Machi 27, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Siku hiyohiyo ya kwanza, saa 1 haijafika, polisi waliwavamia watu waliopanga foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa. Rungu, mateke, vitoa machozi.

MWANAIDI: Na wale hawakuwa wakaidi, Kassim! Walikuwa wametoka vibaruani wakikimbilia nyumbani, yaani wanatii. Anayelala Likoni na kufanya kazi kisiwani, wakati ule njia yake ilikuwa feri. Kivuko kile kilikuwa kikivusha watu wapatao 300,000 kwa siku. Sasa umati huo wote uambiwe uwe umeshavuka kabla ya saa 1, utavukaje?

KASSIM: Halafu kitoa machozi humfanya mtu nini? Hukohoa, hupiga chafya, hujipangusa uso kwa mikono, tena amebanana na wenzake. Huu ni ugonjwa wa kuambukizana kwa pumzi. Amri iliyotolewa kulinda afya ikatekelezwa kwa njia ya kusambaza maradhi.

MWANAIDI: Siku chache baadaye, Nairobi, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, mtaa wa Kiamaiko. Yuko kwao! Amri ilisema watu wakae ndani, naye alikuwa kwao. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa ukatili wa polisi, lakini kufikia Juni, IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ilikuwa ikizungumzia vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze.

KASSIM: Niseme na upande wa pili, usije ukadhani nawatetea wote. Watu walikwepa amri, tena kwa mbinu. Nairobi ilipofungwa Aprili, kuna waliosafiri hadi Homa Bay na jeneza tupu, wakijifanya wanapeleka maiti. Dereva alipopimwa akakutwa na korona. Yule aliweka kijiji kizima hatarini. Hilo siwezi kulipamba.

MWANAIDI: Silipambi mimi pia. Ila nataka tutenganishe watu hawa. Yuko anayekwepa kwa sababu hajali, na yuko anayekwepa kwa sababu amri yenyewe imemgeuza mhalifu. Mwezi huohuo, Nairobi, watu waliruka ukuta wa kituo cha karantini. Wengine walikuwa wamewekwa mle kwa kukutwa nje usiku, kisha wakadaiwa pesa za malazi na chakula. Serikali ilikuja kuliondoa deni hilo Mei. Sasa ukishaifanya karantini kuwa jela, nani mwenye homa atajitokeza kupimwa? Atajificha tu.

KASSIM: Na barakoa. Faini ilikuwa shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Mwambie hivyo mama anayeuza viazi karai barazani, ambaye mia tano kwa siku ni neema. Hana elfu ishirini. Anachoweza ni kumpa askari hamsini au mia yaishe, na kesho yake wakutane tena. Yule askari naye anajua hivyo.

MWANAIDI: Ndipo sheria inapofia. Polisi ni wachache, vichochoro ni vingi. Huwezi kuweka askari mlangoni mwa kila nyumba kuanzia Kisauni hadi Changamwe.

KASSIM: Lakini kuna jambo lililonigusa sana mwaka ule, na sioni likisemwa. Ramadhani. Misikiti imefungwa, hakuna tarawehe ya jamaa, ile sala ya usiku ya pamoja msikitini, hakuna futari za barazani. Kwa Mombasa hilo ni jambo zito mno. Na watu wakasali majumbani mwao, baba anaswalisha wanawe. Nani aliwalazimisha? Hapakuwa na askari sebuleni. Maimamu walieleza kwamba kuhifadhi nafsi ni katika dini, na watu wakaelewa.

MWANAIDI: Kwa sababu aliyeeleza wanamjua. Anawazikia, anawaozeshea. Na tarawehe ya nyumbani haimnyimi mtu unga. Ukiniambia nisali nyumbani, nitaumia moyo lakini nitaweza. Ukiniambia nisitoke nisiuze, na watoto hawajala, hata imamu mwenyewe hatanizuia.

KASSIM: Hapo umesema. Mji wa Kale hapa Mombasa ulipofungwa Mei, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, watu walilia njaa kabla ya kulia ugonjwa.

MWANAIDI: Kisha wakubwa nao wakaimaliza heshima ya kafyu wenyewe. Kafyu ilipokuwa imesogezwa hadi saa 3 usiku, mwananchi anakamatwa saa 3 na dakika tano, na mchana wanasiasa wanahutubia umati uliobanana, barakoa kidevuni. Mimi hapo ndipo nilipoona watu wakiacha kabisa kuamini. Kafyu iliendelea hadi Oktoba 20, 2021, lakini heshima yake ilikuwa imekwisha zamani.

KASSIM: Na mauaji hayakuisha. Agosti 2021, Embu, ndugu wawili walikamatwa kwa kosa la kafyu, wakafia mikononi mwa polisi. Miezi kumi na sita tangu Mahakama Kuu iseme, katika kesi ya Chama cha Mawakili, kwamba kafyu ni halali lakini kutumia nguvu kupita kiasi kuitekeleza ni kinyume cha katiba.

MWANAIDI: Basi ungeulizwa wewe, Kassim, siku amri kama ile ikirudi?

KASSIM: Ningeanzia Likoni. Kabla ya kutaja saa kwenye televisheni, waite wenye feri, wenye matatu, wenye viwanda, uwaulize watu wa zamu ya jioni wanahitaji muda gani kufika kwao. Wenye viwanda wawaachilie kwa mafungu. Unga uwafikie wazee wa mtaa wiki ya kwanza. Na askari wa kivukoni apewe maji na sabuni ya kugawa, rungu liachwe kituoni.

MWANAIDI: Na familia ya yule mtoto wa Kiamaiko, na wengine wote, walipwe fidia.

KASSIM: Walipwe, dada.