Neno Moja la Gatini: Port na Ukoo Wake

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokuja kwa miguu kutoka Ujiji.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea daftari. Sentensi ya Kiingereza ilisema meli imegeuka upande wa "port", naye akaandika: meli imegeukia bandarini. Hapo port ni upande wa kushoto wa meli, kwa hiyo nilimwekea alama ya kosa nikampita. Usiku nikaona nimemdhulumu, maana sikumweleza kitu. Nimekuja kulipa deni hilo.

Ni kweli port ni bandari, kutoka Kilatini portus. Lakini Kilatini kina porta pia, yaani lango, na portare, yaani kubeba. Wataalamu wa lugha huyarudisha yote matatu kwenye shina moja la kale lenye maana ya kupita na kuvuka. Tundu la kompyuta mnapochomeka flashi huitwa port kwa sababu ya lile lango. Mvinyo wa port umepewa jina la mji wa Porto, Ureno.

Na kushoto je? Meli za kale za kaskazini mwa Ulaya ziliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavu wa kulia, karibu na tezi. Ukilaza ubavu huo gatini, kasia linavunjika. Kwa hiyo meli ililazwa kwa ubavu wa kushoto, ukawa ndio ubavu wa bandari. Mabaharia wa Kiingereza walizoea kuuita larboard, na wa kulia starboard. Hebu yatamkeni kwa sauti, kisha fikirini nahodha anayapiga kelele ndani ya dhoruba! Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza liliamuru larboard liachwe, litumike port. Mkiona taa nyekundu ubavuni mwa meli usiku ziwani, huo ndio upande wenyewe.

Ila mimi nalipenda zaidi tawi la kubeba. Ripoti ni habari iliyobebwa kurudishwa. Sapoti ni kubeba kwa chini ili kitu kisianguke. Maneno haya tunayasema kila siku sokoni bila kujua kwamba yana mzigo kichwani. Na porter ni mpagazi.

Hapo Kiingereza kinaingia nyumbani kwetu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bandari hii na pwani viliunganishwa na mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo. Vitambaa na shanga vikapanda hadi Ujiji. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, kilo 30 na zaidi, kwa miezi njiani. Hata meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande ikaja kwa maelfu ya masanduku.

Kiswahili nacho kina kina chake. Mpagazi anatokana na kupagaa, kubeba mzigo begani au kichwani. Basi aliyepagawa ni mtu ambaye pepo amemfanya chombo cha kubebea. Sijakuta Kiingereza kikifika hapo.

Mwanafunzi wangu amekaa safu ya pili. Daftari ninalo hapa. Alama ya kosa imebaki, lakini pembeni nimeandika: "Kushoto, na ulikuwa karibu, kwa sababu bandari ndiyo iliyoupa upande huo jina."