Kantata ya Jumapili Adimu: Bach na Wanawali Kumi

UPENDO: Karibuni tena. Leo ni kantata namba 140 ya Bach, mtunzi Mjerumani, inaitwa Wachet auf, yaani Amkeni. Kantata ni muziki wa waimbaji na vyombo wenye sehemu kadhaa, na hii ina sehemu saba. Kaka Joel, anza wewe maana naona umejaa.

JOEL: Dada Upendo mi siwezi kuficha, hii naipenda mno. Cheki tu ilivyozaliwa, iliimbwa mara ya kwanza Leipzig, Ujerumani, tarehe 25 Novemba 1731, Jumapili ya 27 baada ya sikukuu ya Utatu, na hiyo Jumapili haiji kila mwaka, inatokea tu Pasaka ikiwahi sana mwezi wa tatu. Miaka yote 27 Bach aliyokaa Leipzig ilitokea mara mbili tu, 1731 na 1742.

UPENDO: Na somo la siku ni Mathayo 25, wanawali kumi, bwana arusi anakuja usiku wa manane.

JOEL: Ehee. Jumapili adimu hivyo, akaiandikia muziki wa karibu nusu saa na hakuna kipande cha kujazia. Ila melodi ya msingi si yake, ni ya mchungaji Philipp Nicolai. Alikuwa mji wa Unna, Ujerumani, tauni ikaingia 1597, watu zaidi ya 1,000 wakafa pale mjini, yeye ndo anazika, na katikati ya misiba yote hiyo akatunga wimbo wa arusi, ukachapwa 1599.

UPENDO: Wimbo wa arusi jamani! Hapo huwa naishiwa maneno.

JOEL: Sa mpaka 1731 watu wameuimba zaidi ya miaka 130, wanaujua. Sehemu namba 1 vayolini na obo, ile zumari ya mbao, wanajibizana, mdundo wa msafara kabisa, afu soprano wanaingia na melodi ya Nicolai, do mi so, noti ndefuuu, pembe inawashikilia, na huku chini alto, teno na besi wanakimbizana na maneno yaleyale, soprano wala hawaharakishwi.

UPENDO: Na ile Haleluya! Alto ndo wanaanza, noti ndogondogo zinatiririka, wengine wanadakia. Mi nimeimba alto, najua tunavyopewa noti moja wimbo mzima. Hapa Bach katukabidhi mlango tufungue sisi.

JOEL: Basi moyo wa kantata ni namba 4. Vayolini na viola, yaani vayolini kubwa kidogo, wote wanapiga mstari mmoja, hakuna kugawana sauti, na ule mstari unajitosheleza, ukiusikia peke yake unaridhika. Ghafla teno wanaingia na ubeti wa pili wa Nicolai, melodi nyingine kabisa, tena wanaingia vayolini hazijamaliza zinachosema, na inakaa! Bach mwenyewe aliithamini, miaka ya mwisho akaitoa tena kwa kinanda cha kanisani.

UPENDO: Hapana, moyo ni namba 3. Wanaimba wawili, soprano ni nafsi, besi ni Yesu. Nafsi inauliza unakuja lini, Yesu anajibu naja, na bado inauliza tena kana kwamba haijasikia jibu. Na kile kivayolini kidogo kinachotuniwa juu kuliko cha kawaida, kinazungukazunguka hakitulii, ndo hali ya mtu anayesubiri usiku na taa mkononi. Afu kumbuka enzi zile soprano ni mtoto wa kiume wa shule ya Mtakatifu Thomas ya hapo Leipzig, yaani hilo swali linaulizwa na sauti ya mtoto.

JOEL: Mh. Na namba 6 ndo wanakutana sasa, maneno ya Wimbo Ulio Bora, mpendwa wangu ni wangu, sauti mbili zinaenda sambamba na obo inafurahi nao. Bila ile namba 3 furaha hii huipati. Haya dada, hapo umenishinda.

UPENDO: Afu namba 7 sauti nne tu, vyombo vinafuata sauti, ubeti wa tatu. Kwaya ya KKKT, Walutheri wa Tanzania, iliyozoea korali, yaani tenzi za sauti nne, inaiweza hii. Walimu wa kwaya mnaotusikiliza, msianze na namba 1, itawavunja watu moyo. Anzeni na 7, soprano wauzoee wimbo mpaka wauimbe bila karatasi, ndo mrudi mbele.

JOEL: Na wajiandae kwa ile noti ya mi ya juu, inakuja mapema sana.