Mfiwa Mbele ya Kamera

Ndugu waigizaji, tumekutana kuzungumzia kilio, lakini nitaanza na sketi.

Mwaka 2001 tamthilia ya Marekani, Buffy the Vampire Slayer, ilirusha sehemu iitwayo "The Body". Buffy, aliyeigizwa na Sarah Michelle Gellar, anaingia nyumbani na kumkuta mama yake kochini, amekufa. Anapiga simu ya dharura, anamkandamiza kifua, wapi! Wahudumu hawajafika, anaivuta sketi ya mama chini, amsitiri. Baadaye anatapika, kisha anatandika karatasi ya jikoni juu ya matapishi. Muziki wa kutusukuma tulie haupo. Kinachotuumiza ni ile mikono.

Hata misibani kwetu mfiwa hujitafutia kazi: anahesabu vikombe, anauliza turubai limefika wapi. Basi jipe kazi ya mikono kwanza, na imshinde mhusika wako katikati. Machozi yakitangulia, mtazamaji hana la kungojea.

Tuje kwenye pumzi, maana hapa wengi huanguka. Kwikwi ya kilio huanzia pumzi inapoingia: inaingia vipandevipande, tumbo linaruka, neno linakatika. Anayelia kwa kutoa pumzi tu hutoa mlio mrefu kama king'ora, na mkirudia onyesho mara ya tatu koo limekwisha.

Machozi yakigoma, kuna kijiti cha mentholi, ile dawa yenye harufu kali ya kupoza: hupakwa chini ya jicho, juu ya mfupa, mpako mmoja mwembamba. Mvuke wake ndio unaoliza. Kikigusa jicho lenyewe, litawaka na kufumba, na kazi itasimama. Glisirini, kimiminika kizito kisicho na rangi, hapa si ya kumliza mtu. Ni tone la kubandika shavuni, halikauki upesi chini ya taa, ila jicho linabaki jeupe kama la aliyelala vizuri. Itumieni kwa picha za mbali. Picha ya karibu ya kilio ipigwe mapema, kope hazijavimba, na kila shavu lipigwe picha ya kumbukumbu, la sivyo chozi la kushoto litahamia kulia.

Mkijifunika kanga, acheni jicho moja na pembe ya mdomo. Kamera haioni huzuni iliyo nyuma ya kitambaa. Na ninyi mnaopenda kujipiga kifua: maiki imebandikwa papo hapo. Jipigeni paja.