Zamu za Mgodini na Gharama ya Tani Moja ya Makaa

Mabibi na mabwana, tuanze na hesabu. Chukueni mgodi wa chini ya ardhi wenye zamu ya saa 8, yaani dakika 480. Mchimbaji akitembea dakika 45 kufika kwenye ukuta wa makaa na 45 kurudi, 90 zimekwenda. Ondoeni 30 za chakula, na 20 za kukagua paa na kupima gesi. Zinabaki 340. Mshahara ni wa 480.

Na mshahara ni sehemu tu. Methane, gesi inayotoka kwenye makaa, hulipuka ikifikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa, kwa hiyo feni hazizimwi hata watu wakiwa mapumzikoni. Pampu za maji nazo hazilali. Mgodi wenye zamu mbili kwa siku 5 hufanya kazi saa 80 kati ya 168 za wiki, ila umeme wa feni na riba ya mkopo wa mashine hulipwa kwa saa zote 168. Tani zikiwa chache, kila moja hubeba mzigo huo.

Najua mtaniambia: basi tufanye zamu za saa 12. Upotevu ukiwa uleule, muda wa kukata unapanda kutoka asilimia 71 hadi karibu 81. Kwenye karatasi inapendeza! Lakini saa za mwisho mtu amechoka, hasa alfajiri, na mashine isiyopewa muda wa matengenezo itauchukua yenyewe, katikati ya zamu, kikosi kizima kikisubiri fundi.

Waingereza walibishania haya zamani: saa 8 kwa sheria ya 1908, 7 mwaka 1919, kisha 8 tena 1926, mwaka wa mgomo mkuu.

Mimi napendelea wachimbaji wapokezane pale pale ukutani, mashine isisimame, na matengenezo yapewe zamu yake. Ndiyo, zamu zikipishana mnalipa watu wawili kwa muda mmoja. Penye mashine ya bei kubwa inalipa. Penye vifaa vyepesi na watu wengi, sidhani. Tena angalieni kwanza mkanda unaotoa makaa nje. Kama tayari umejaa, dakika mtakazookoa ukutani zitaishia kwenye foleni ya makaa.

Karibuni maswali.